Pua Yangu na Duka la Cherehani la Amagoro

Nakumbuka siku moja, mwanangu, nilikaribia kumpeleka mtu gerezani kwa sababu ya viatu vyangu. Usicheke bado, ngoja nifike.

Nilikuwa kwenye mafunzo ya kuchunguza vyanzo vya moto. Nilikuwa nimemaliza wiki tatu darasani, na kichwa kilikuwa kimenivimba kweli kweli. Tukaambiwa duka la fundi cherehani limeungua Amagoro, twende tukajifunze huko. Nikapanda bodaboda kutoka Malaba. Dereva alikuwa amebeba mtungi wa petroli iliyovuka mpaka, umezibwa kwa karatasi ya nailoni, akaniomba niushikilie kwa miguu. Tukaruka kila shimo. Nilifika viatu vimelowa, lakini nilikuwa na haraka ya kuonekana mtaalamu, nikaingia ndani ya majivu kabla ya wenzangu wote.

Nikanusa mlangoni: petroli. Nikanusa kando ya meza: petroli. Kila pembe, petroli! Nikatoka nje kifua mbele nikatangaza, "Hii imechomwa!" Fundi, mzee Ojuma, akaruka. "Si nilisema? Ni Ekirapa!" Ekirapa alikuwa jirani yake, muuza petroli ya chupa kando ya barabara, na walikuwa wamegombana wiki nzima kwa sababu mbuzi wa Ekirapa alikula futi ya kupimia nguo. Askari akamshika Ekirapa mkono. Mkewe akakaa chini akalia. Na mimi, Mungu anisamehe, nilikuwa ninafikiria jinsi nitakavyopigwa picha.

Mwalimu wetu, Madam Nekesa, alikuwa mama mnene asiye na haraka. Aliniita hadi kwenye uwanja wa kanisa, mbali kabisa na moto.

"Nusa hapa."

"Petroli iko, madam," nikasema kwa ujasiri.

"Hata kanisa Ekirapa amechoma?" Watu wakaanza kucheka. "Kijana, toa hizo viatu."

Nikavua, nikabaki na soksi, moja imetoboka kwenye kidole gumba. Akaviweka mbali, akanirudisha pale pale. Nikanusa. Nikasikia harufu ya nyasi na ya jasho langu. Nilitamani ardhi inimeze, mwanangu, nakwambia ukweli.

Kisha akatufundisha kazi. Akaanza na sehemu iliyoungua kidogo, akasogea polepole hadi iliyoungua zaidi. Sakafu ilikuwa karibu nzima, na petroli ikimwagwa huchoma chini kwanza. Juu ya meza, chini ya majivu, akafukua pasi ya makaa. Ubao ulikuwa umetoboka kwa umbo lake hasa.

"Mzee Ojuma," akauliza taratibu, "hii pasi uliachia nani?"

Fundi akatazama kando. "Nilienda tu kunywa chai kidogo, madam. Chai yenyewe ikachelewa."

Askari akamwachia Ekirapa. Madam akaniamuru nimwombe msamaha mbele ya watu wote, nikiwa na soksi zile zile. Ekirapa akanitazama kuanzia juu hadi kidole gumba. "Mimi nimesamehe, boss. Lakini hiyo pua peleka hospitali Kocholia wakaiangalie." Umati mzima ukaangua kicheko, na mkewe akacheka huku machozi hayajakauka. Hayo machozi ndiyo yaliyoniumiza. Mumewe angefungwa, ningeyasababisha kwa miaka mingi, na ningelala usingizi mzuri nikijiona shujaa.

Basi nasikia nawe unaanza mafunzo hayo. Nakuomba hivi: ukifika mahali pa moto, jichunguze mwenyewe kwanza, umeleta nini mwilini na umeleta nini moyoni. Usitaje jina la mtu kabla majivu hayajasema yote. Ukikosea, kosa lako litangaze kwa sauti ile ile uliyotangazia shutuma.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe macho ya subira na ulimi mzito, na asiwepo mtu yeyote atakayefungwa kwa neno lako bila hatia.