Aliyekuja Kuuliza Habari za Kazi

Siku majina ya waliopata kazi yalipobandikwa kwenye ubao wa matangazo, langu likiwa la tatu kutoka chini, mtu wa kwanza kunitilia shaka alikuwa mama yangu mwenyewe.

"Nani amekusaidia?" aliuliza. Alikuwa anamenya ndizi, hakuinua kichwa.

"Hakuna, mama."

"Haya."

Sikumlaumu. Nilikuwa nimekaa naye Makandana miaka minne tangu nimalize chuo, na katika miaka hiyo nilikuwa nimemfundisha mimi mwenyewe kwamba kazi zina wenyewe. Hata kwenye usaili ule nilikwenda sijasuka nywele, kwa sababu niliamini orodha imeshapangwa na sisi wengine tumeitwa kujaza viti. Nilipopata, sikufurahi. Nilijiuliza wamenichukulia nini. Rafiki yangu niliyesoma naye, anayeuza mitumba karibu na stendi, alinipa mkono akasema, "Hongera. Mjomba wako yuko ofisi ipi vile?" Sina mjomba hata mmoja aliye hai.

Kazi yenyewe ilikuwa ya miezi mitatu. Tulikuwa wadadisi, tunapita nyumba kwa nyumba na vishikwambi kuuliza nani ana kazi, nani hana, nani aliwahi kuwa nayo, nani amechoka kutafuta. Kwenye mafunzo tuliambiwa kwamba mtu akifanya kazi ya kipato hata saa moja tu ndani ya siku saba, huyo ana kazi. Kijana mmoja akauliza, "Hata akibeba kreti za soda saa moja Jumatatu, halafu akae mpaka Jumapili?" Mkufunzi akasema ndiyo, huyo ana kazi. Tulicheka. Mimi niliandika hivyo kwenye daftari na kuweka alama ya kuuliza pembeni. Kisha tukasaini karatasi ya kiapo: tutakayoambiwa kwenye kaya ya mtu hatutamwambia mtu mwingine, awe mtendaji, awe jirani, awe mwenza wake.

Tulianzia Kisondela, na huko nilijifunza haraka kwamba sura yangu na kile kishikwambi ni habari mbaya. Mzee mmoja aliniacha nimesimama kwenye mvua mlangoni kwake muda mrefu, anakiangalia tu.

"Mwagonile, tata," nilimwamkia tena.

"Kalibu. Unahesabu palachichi?"

"Hapana, tata. Nauliza kazi za watu."

"Kazi yangu palachichi. Ukihesabu mimi umehesabu palachichi." Akafunga mlango. Nikasikia akimwambia mkewe kwa Kinyakyusa kwamba watu wa ushuru wameanza kutuma wasichana siku hizi.

Wiki iliyofuata nikapangiwa Mpuguso, na huko ndiko nilikokutana na mama yule. Alikuwa na umri wa miaka arobaini hivi, ana migomba nyuma ya nyumba na kipande cha chai upande wa bondeni. Alinikaribisha vizuri kuliko wote. Alifuta kiti kwa khanga yake, akakaa mbele yangu, mikono magotini, kama mtu anayefanya mtihani aliojiandalia.

"Mkuu wa kaya anafanya kazi gani?"

"Kiwandani. Kiwanda cha chai, sehemu ya kukaushia."

"Ni ajira ya kudumu?"

"Ya kudumu."

"Ana mkataba wa maandishi?"

Hapo alisita kidogo tu, kiasi cha kumeza mate. "Anao."

"Wiki iliyopita alikwenda kazini siku ngapi?"

"Sita. Anatoka alfajiri, anarudi jioni. Ovaroli yake ya kubadilisha ile pale." Akanionyesha kamba ya kuanikia, ovaroli ya bluu imening'inia barazani kukwepa mvua.

Niliandika kama alivyosema, lakini sikuamini. Katika kijiji hicho hicho nilikuwa nimeshapita nyumba tatu za watu waliokuwa wakifanya kazi kiwanda hicho, na wote watatu walikuwa wamepunguzwa. Mmoja wao alikuwa wa sehemu hiyo hiyo ya kukaushia, akaniambia zamu yao yote iliondolewa kwa siku moja. Nikajiuliza huyu mama anaficha nini. Mtu akisema uongo ili aonekane hana, nilikuwa nimeshamzoea. Kila siku nilikutana naye. Huyu alikuwa anadanganya ili aonekane anacho. Na tena, kama ile ovaroli ilikuwa ya kukaushia chai, mbona kifuani ilikuwa na madoa meusi yaliyoganda kama utomvu?

Nikamuuliza mara ya pili kuhusu mkataba. Haikuwa lazima. Dodoso lilitaka jibu moja, na jibu nilikuwa nalo. Niliuliza kwa sababu nilitaka kumkamata. Aliniangalia, akasema polepole, "Nimesema anao, dada," na hakunisindikiza.

Siku chache baadaye nilirudishwa Kisondela kumalizia kaya zilizobaki. Nilikuwa nimekaa chini ya paa la mama mmoja mwenye shamba, namuuliza maswali, huku vibarua wa dalali wakichuma maparachichi yake. Juu ya mti wa karibu kulikuwa na mwanamume mwenye fimbo ndefu yenye mfuko kwenye ncha, anayashusha moja moja. Alivaa ovaroli ya bluu. Kifuani, pale ambapo huwa na jina la kiwanda, nyuzi zilikuwa zimefumuliwa, na herufi zilionekana kwa kuwa kitambaa cha chini yake hakikupauka.

Sikumfahamu kwa sura. Lakini mwenye shamba aliposema kwa sauti, "Kumbe wewe ndiye wa takwimu za ajira," yule mwanamume alisimamisha fimbo.

Nilipoondoka alinifuata kwenye njia ya miguu inayoteremka mtoni. Nilisikia gambuti zake zikinyonywa na tope nyuma yangu, nikageuka.

"Nani amekutuma?" aliuliza.

"Samahani, baba?"

"Ulikuwa Mpuguso kwangu. Mke wangu amenieleza: msichana mwembamba, ana kishikwambi, anauliza mkataba mara mbili. Leo uko huku. Amekutuma yeye au kiwanda?"

Nikamwambia hakuna aliyenituma, nimepangiwa eneo. Nilimwonyesha kitambulisho. Alikisoma mbele na nyuma, akakirudisha, na nikaona bado haamini. Lakini akazungumza hata hivyo, nadhani kwa sababu alikuwa ameshikwa na hakuwa na la kupoteza. Aliniambia walipunguzwa kabla ya mvua za vuli. Siku ile alirudi nyumbani, mkewe akampa maji ya kuoga kama kawaida, na maneno yakakwama. Kesho yake akavaa ovaroli akatoka. Alikaa kanisani kutwa, siku ya pili tena. Siku ya tatu akakata milima hadi Kisondela, ambako hakuna anayemjua, akaomba kibarua cha kuchuma.

"Miaka kumi na saba nimesimama kwenye mashine," alisema. "Sasa nipande miti mbele ya watu waliokuwa wananiomba niwaingizie watoto wao kiwandani?"

"Mama hajui?"

"Hajui. Na wewe usimwambie."

Nikamwambia kuhusu kiapo. Akaitikia kwa kichwa, lakini alivyoniangalia nilijua anajiuliza nitakaa siku ngapi kabla sijamsema. Wakati huo huo pikipiki ikapita kwenye daraja la mto mbele yetu, imebeba mtu na mkungu wa ndizi. Dereva alitazama nyuma. Alikuwa bodaboda wa Mpuguso.

Haikupita siku mbili. Jumamosi asubuhi mama alikuja kuniamsha, uso ameukaza.

"Kuna mgeni wako," alisema. "Mwanamke. Hajataka kuketi."

Alikuwa yeye, mama wa Mpuguso. Amevaa viatu vya kanisani na vilikuwa vimelowa tope mpaka vifundoni.

"Nataka unijibu kitu kimoja tu," alisema. "Mume wangu anakwenda Kisondela kufanya nini?"

"Mama, hilo ungemuuliza mwenyewe."

"Nakuuliza wewe. Ulikuja nyumbani kwangu ukaniuliza habari zake kama unayezijua. Mkataba, mkataba. Nikasema huyu binti anatafuta nini? Halafu naambiwa mmeonekana wawili njia ya mtoni, mnanong'ona."

Ndipo nilipoelewa ananidhania nini. Damu ilinipanda usoni, na najua alilichukua hilo kama jibu. Nikageuka kumtazama mama yangu, nipate pa kuegemea, nikakuta naye ananitazama kwa macho yale yale ya siku majina yalipobandikwa.

Ningeweza kujisafisha kwa sentensi moja: mume wako hana kazi kiwandani, anachuma maparachichi. Ilikuwa kwenye ulimi. Nilisema tu, "Mimi na mume wako hatuna jambo lolote. Zaidi ya hapo siruhusiwi." Aliposikia "siruhusiwi" alicheka kwa pua, akaondoka. Mama yangu hakuuliza kitu. Alikwenda jikoni, na mchana kutwa aligonga sufuria kuliko kawaida.

Jumatatu msimamizi wangu alinipigia simu. Malalamiko yamefika kwa mwenyekiti wa kitongoji, yanasema mdadisi anatumia kazi ya takwimu kuvuruga nyumba za watu. Aliniuliza kama kuna ukweli wowote. Nilisema hakuna. Akasema, "Nitakuamini mpaka Jumatano," na Jumatano ndiyo ilikuwa siku ya kikao.

Jumanne nilikwenda Kisondela nikiwa sijapangiwa. Nilimkuta yule baba anapanga maparachichi kwenye kreti. Nilimwambia yaliyonipata. Nilimwambia pia kwamba sitasema, hata wakinifukuza, lakini yeye hakula kiapo chochote.

Aliendelea kupanga, vikonyo vyote vikitazama upande mmoja. Nilirudi Makandana nikiwa na uhakika kwamba ataniacha nizame.

Kikao kilifanyika barazani kwa mwenyekiti, mvua inapiga bati hata ikabidi watu wayaseme mambo ya aibu kwa sauti kubwa. Mama yule alikaa upande wake, mimi na msimamizi upande wetu. Kiti cha mume kilikuwa kitupu. Mwenyekiti alikuwa ameshaanza kusoma malalamiko yule baba alipoingia, na alikuwa amevaa shati la Jumapili. Hakuketi.

"Huyu binti hana kosa," alisema. "Mimi sina kazi kiwandani. Walinitoa kabla ya vuli. Nachuma maparachichi Kisondela kwa kibarua, na ndiko alikoniona. Alikuwa anajua, akanificha kama nilivyomwomba."

Mwenyekiti alifunga daftari lake. Msimamizi alinitupia jicho, nami nikatazama miguu yangu. Sote tulikuwa tunangoja mkewe alie au apige kelele.

"Kiwanda nilijua," alisema mkewe.

"Ulijua nini?"

"Kwamba wamekutoa. Mke wa mwenzako wa zamu aliniambia wiki ile ile. Nikangoja useme. Ukavaa ovaroli, nikakufulia. Huyu dada alipokuja kuuliza nikamwambia una ajira ya kudumu, maana ni wewe uliyetaka iwe hivyo." Sauti yake ilianza kupanda. "Lakini ulikuwa unatoka kila alfajiri, kiwandani kazi huna, na sijui unakokwenda! Ningefikiri nini?"

Yule baba alikaa sasa, kwenye benchi, si kwenye kiti alichowekewa. Alisema neno la Kinyakyusa kwa sauti ndogo, na mkewe akajibu kwa Kinyakyusa, na mwenyekiti akatuambia sisi wa takwimu kwamba tunaweza kwenda.

Njiani nilimwambia msimamizi kwamba basi ile kaya inabidi isahihishwe, niliandika uongo. Alifungua dodoso palepale chini ya mwavuli. Tukafuta kiwanda, tukaandika kibarua wa shambani. Akaniambia nisihangaike sana, kwa kuwa kwenye jedwali la mwisho haibadilishi mstari wake: alikuwa mwenye kazi, na bado ni mwenye kazi. Sikujua kama ananifariji au ananieleza jambo alilolijua siku zote.

Nyumbani nilimweleza mama yangu kwamba yameisha, bila kutaja ya nani ni yapi. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mimi sikusema kitu," na ni kweli, hakusema. Usiku ule alinipakulia nyama kubwa.

Mkataba wangu uliisha mwezi uliofuata, na sasa nimerudi kwenye kutuma maombi. Nimesikia kwenye redio kwamba ajira katika mikoa yetu zinaelekea kuzuri. Labda. Mimi kila nikisikia hivyo nakumbuka watu niliowaandika kwa mkono wangu, najiuliza wangapi walikuwa wananijibu kama yule mama alivyonijibu.

Nilikutana naye sokoni majuzi. Anauza maparachichi sasa, anayochuma mumewe, kwenye turubai, na mumewe alikuwa nyuma yake anafunga gunia, bila ovaroli. Alinichagulia matatu mazuri, akakataa pesa yangu. Tulisalimiana vizuri. Lakini mumewe alipoinuka kunipa mkono, macho ya mkewe yalitoka kwenye mkono wangu yakaenda kwenye uso wa mumewe, yakarudi kwangu, na hayakutulia mpaka nilipoaga.