Sketi ya Pete Tatu

Mtoto wa tajiri hurefuka apendavyo. Binti wa Mama Pindo alitakiwa aombe ruhusa kwanza, naye hakuomba. Likizo moja tu, kwa chakula kile kile cha nusu sahani, akaamka ana miguu ya mtu mwingine. Mtaa mzima ukamwita Mlingoti, ukacheka. Mama yake hakucheka, maana sketi ya shule ilikuwa imepanda juu ya magoti, na Jumatatu mtihani wa mwisho wa shule ya msingi ulikuwa unaanza.

Mama Pindo alikuwa mshonaji katika karakana ya sare za walinzi. Kutwa alipitisha suruali za kaki chini ya sindano, na jioni mlinzi wa getini, ndani ya suruali hiyo hiyo, alimpekua asije akatoka na kipande cha kitambaa. Jina lake lilitokana na ufundi wa nyumbani. Binti alipoanza darasa la kwanza, mama alinunua kitambaa cha bluu kingi kuliko mtoto mwenyewe. Akashona sketi, kiunoni akatia mpira, chini akakunja pindo, juu ya pindo akakunja pindo, na juu yake jingine. Mtoto akaenda shule kama amejifunga godoro. Kila alipokua, mama alifumua pindo moja, sketi ikashuka, na pesa ya sare mpya ikaenda zake kwenye kodi ya chumba, ambako ilikuwa inasubiriwa kwa hamu kubwa.

Jumamosi asubuhi alifumua pindo la mwisho. Urefu ukatosha. Mama Pindo akapiga vigelegele vya peke yake, akainyanyua sketi mwangani, na vigelegele vikakatika. Juu ilikuwa imepauka kama majivu. Katikati kulikuwa na pete mbili za bluu, moja imechoka kuliko nyingine. Chini, pale palipojificha gizani miaka yote, bluu iliwaka kana kwamba imetoka dukani jana.

"Mama," binti akasema, "hii ni sketi au upinde wa mvua?"

"Vaa, mdomo mwingi wewe."

"Mwalimu mkuu mpya kasema sare isiyo ya rangi moja, mtu anarudi kwao. Hata siku ya mtihani. Halafu wataniita Pundamilia. Mlingoti linanitosha, mama."

Mama Pindo akaketi kitandani. Miaka yote hiyo ya kujibana, kisha mtoto arudishwe mlangoni kwa ajili ya pete!

Mumewe, mbeba mizigo wa ghala la saruji, aliingia mweupe kuanzia kichwani hadi viatuni. Akaelezwa, akaizungusha sketi mikononi.

"Itie rangi."

"Rangi inagawiwa wapi bure, baba?"

"Basi kama hatuwezi kuifanya yote mpya, tuifanye yote kuukuu." Akajigonga kichwa. "Akili ni nywele, mke wangu."

"Ndiyo maana zako zimekwisha."

Alimcheka, lakini neno lilikuwa limeshaingia. Ni nani aliyekuwa akigombezwa kila wiki kwa kuanika nguo zikiwa na povu? Ni Mlingoti. Na ni nani aliyekuwa akipiga kelele kwamba sabuni na jua vikikutana, rangi inaaga dunia? Mama Pindo akamwita binti.

"Njoo unionyeshe ule uvivu wako."

Wakapaka povu zito kwenye pete zilizokoza, sehemu iliyopauka wakaifunika kwa shuka bovu, wakaanika uani. Jirani msusi akatoa kichwa dirishani.

"Shoga, umesahau kusuuza!"

"Sijasahau."

"Mh! Basi umerogwa."

Likaja wingu. Baba akasimama uani, mikono kiunoni, akalitazama. "Mzee mwenye nyumba, kodi si mwisho wa mwezi? Mbona umekuja leo?" Mlingoti akacheka mpaka akakaa chini. Wingu halikucheka. Jumamosi yote likabaki palepale, na jioni pete zilikuwa zinawatazama kama zilivyoamka. Mama Pindo hakula vizuri. Ila Jumapili jua lilitoka kwa hasira. Wakapaka, wakageuza, wakapaka tena, na jua lilipozama sketi ilikuwa na rangi ambayo hakuna duka linaloiuza, si bluu wala si kijivu. Lakini ilikuwa moja. Ili uzione pete ilibidi uiname sana na uwe na roho mbaya.

Jumatatu mama akamsindikiza mwenyewe, ingawa kazini walikuwa wanamngoja. Getini alisimama mwalimu mkuu mpya. Akaitazama sketi, akainama. Moyo wa Mama Pindo ukadunda kama cherehani.

"Rangi gani hii?"

"Ya shule, mwalimu," Mlingoti akajibu. "Ila imesoma mpaka imechoka."

Mama alitamani ardhi ipasuke. Mtoto huyu na mdomo wa baba yake! Mwalimu akabana midomo, ikamshinda, akacheka kwa pua. Alipoinua kichwa, Mama Pindo akaiona kola ya shati lake. Mshonaji haangalii uso, huangalia mshono. Kola ile ilikuwa imefumuliwa na kugeuzwa, upande uliolika ukafichwa ndani, ikashonwa upya kwa mkono uliojua kubana matumizi. Kazi safi kabisa.

Macho yao yakakutana. Mwalimu akaishika kola, kidogo tu.

"Pita, binti. Rangi ni moja."

Mlingoti akaingia mbio.

"Asante, mwalimu," akasema Mama Pindo. "Mwambie mama watoto ana mkono mzuri."

"Nilishona mwenyewe," mwalimu akanong'ona, akiangalia kulia na kushoto.

Mama Pindo akakimbia kazini akicheka njia nzima, na watu wakampisha.