Siku Nilipofungua Maji ya Gahanga

Habari hii nikiisimulia naonekana mjinga, na ninajua. Nimeshajaribu kuisimulia kwa njia nyingine. Mara naongeza mvua, mara nasema mbao zilikuwa mbovu, kuna siku nilimtia hata mzungu mlevi. Haikusaidia kitu. Mwisho wake mjinga ni mimi tu, basi wacha niiseme vile ilivyokuwa.

Ilikuwa kiangazi cha tisini na moja. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili, shule ya msingi nimemaliza, na mbele ya hapo hakuna aliyeniita. Nyumbani kwetu Nyamirambo, mtaa wa Kigali, tulisema Kiswahili, mama akishona nguo za watu. Mimi nilibeba magunia sokoni Nyabugogo. Siku moja lori likaja pale kutafuta wanaume wa kwenda Gahanga kujenga bwawa la udongo. Nikapanda. Gunia na udongo vyote ni uzito, nikasema, angalau udongo haupigi kelele.

Kila masika maji yalikuwa yanashuka kutoka vilima viwili na kufagia mashamba ya bondeni. Ndiyo maana wakubwa waliamua kuziba shingo ya bonde kwa ukuta wa udongo, maji yasimame nyuma yake, halafu yatoke kidogo kidogo kwa bomba. Tulibeba udongo kwa vichwa, tukamwaga, tukashindilia kwa vigogo na kwa miguu, tukamwaga tena. Mgongo wa ukuta tukaupandia nyasi ili mvua isiule. Jioni nilikuwa mwekundu hata ndani ya masikio.

Wenyeji hawakututaka. Kwao sisi wa mjini tulikuwa waswahili, na Kigali ukimwambia mtu "wewe mswahili", huzungumzii lugha yake. Umemwita tapeli, mtu wa mdomo, mtu ambaye ukishamsalimia unahesabu vidole vyako. Na miaka ile vita ilikuwa mpakani, mgeni anatazamwa mara mbili, kitambulisho chake kinasomwa mbele na nyuma na mtu asiyejua kusoma.

Aliyetuchukia kuliko wote alikuwa mama mmoja mjane, mwenye mabinti watatu. Shamba lake lilikuwa chini ya ukuta kabisa, kwenye udongo mweusi wa bondeni ambao hata kiangazi unabaki na unyevu. Alikuwa amepanda maharage. Yale maharage ndiyo yalikuwa chakula cha nyumba yake mpaka mavuno mengine, na mbegu yake, na kila kitu chake. Kwingine hakuwa na hata tuta moja. Hili alituambia kila asubuhi, ili asiwepo wa kusema hakusikia.

Sisi tulipochimba msingi tukauziba mto mdogo uliokuwa unapita kwake. Basi mwezi mzima yeye na mabinti wakabeba maji kwa madebe kutoka mbali, wanapita mbele yetu, wanatutemea mate njiani.

"Nyinyi mumefunga maji yangu!"

"Mama, maji ni ya Mungu," nikamjibu siku moja, juu ya ukuta, nimeshika kiuno.

"Mungu hana kapita. Nyinyi mko na kapita. Mwambieni afungue!"

Kapita ndiye msimamizi wetu, mtu mfupi, mkali, Kinyarwanda chake kizuri na Kiswahili chake cha taabu. Kila l kwake ilikuwa r. Mimi nilimcheka mbele ya watu, kila siku, kwa sababu nilidhani Kiswahili ni shamba la baba yangu.

Mvua za kwanza zikaja mapema. Ukuta ulikuwa umekwisha, lakini mfereji wa kuyapitisha maji kando ya mashamba ulikuwa bado nusu. Kwenye mdomo wa bomba tulikuwa na mlango wa mbao unaopandishwa kwa chuma kirefu. Nyuma yake maji yalijaa siku tatu tu, ya kahawia, yamenyamaza. Kapita akatukusanya. Hakuna wa kugusa ule mlango mpaka mfereji upite shamba la yule mama. Wiki mbili. Na wiki mbili hizo hizo yeye angekuwa ameng'oa maharage yake.

Wote wakateremka kuchimba mfereji. Mimi kapita akanibakiza juu, maana nikiwa mferejini watu wanacheka na majembe yanasimama.

"Wewe kaa hapa. Rinda mrango."

"Mrango ni mnyama gani, kapita? Anauma?"

Watu wakacheka. Kapita akanitazama kama mtu anayechagua jiwe, akaenda zake.

Mchana jua likatoka. Nilikaa karibu na chuma changu, njaa inanikwaruza. Chini, yule mama na mabinti walikuwa wamekaa ukingoni mwa shamba, wanafunua sufuria. Nikaona mvuke. Nikageuza uso, maana sikutaka anione nikitazama chakula chake.

Kumbe alikuwa ameniona. Akasimama, akanyoosha mkono kwangu, akapiga kelele. Upepo ulikula nusu ya maneno. Nusu iliyonifikia ilikuwa: "...ufungure!"

Hapa nieleze. Kwa Kinyarwanda gufungura ni kufungua, kama Kiswahili tu, na maana hiyo ndiyo niliyoijua. Lakini gufungura ni neno la heshima la kula pia. Mtu anayekula mbele ya mwenzake hawezi kunyamaza, hata akiwa anamchukia. Lazima amwite, njoo ufungure. Nyabugogo tulikula wima, na hakuna hata siku moja mtu aliyeniita kwenye chakula kwa neno la heshima. Kwa maana ile sikuwahi kulisikia, ningelijuaje?

Mimi nilisikia ugomvi wa mwezi mzima. Mwambieni afungue. Na bado, mvua yote hii, mwanamke huyu anataka maji! Naapa kwamba sikusahau maneno ya kapita. Niliyakumbuka vizuri. Hasira ndiyo ilinishika, ile ya mtu mwenye njaa anayepigiwa kelele. Nikasema kwa sauti, "Unataka yafunguliwe? Haya, shika!"

Nikashika chuma kwa mikono miwili, nikapandisha mlango wote.

Bomba lilikohoa kwanza. Halafu likatapika. Maji yalitoka mazito kama uji, yakaruka pale mfereji ulipokomea, yakaingia shambani kwa upana. Nikaona mabinti wanakimbia kupanda kilima. Nikaona sufuria inaelea, inazunguka. Mama hakukimbia. Aliingia kwenye maji mpaka magotini, akaanza kung'oa maharage kwa mikono yote miwili na kuyatupa nyuma yake, kama mtu anayetoa watoto kwenye nyumba inayoungua.

Nikasukuma chuma chini. Kikakataa, maji yalikuwa yamekibana. Nikakipanda, nikakining'inia, nikakitukana. Mpaka kapita na wanaume wawili walipofika na nyundo, na walipoushusha mlango, shamba lilikuwa tope. Ilibaki mistari mitatu juu, karibu na njia.

"Nani amefungua?" kapita akauliza, na mimi peke yangu ndiye niliyekuwa pale.

"Mama alisema nifungue," nikasema. Na nikacheka kidogo. Sijui kwa nini nilicheka. Uso wangu ulikuwa haujui kazi nyingine.

Yule mama alikuwa amepanda mpaka kwetu, tope mpaka mapajani, maharage mabichi bado yako mkononi.

"Mimi nilikuita kula," akasema.

Hakuna aliyecheka. Watu wa bondeni walikuwa wamekusanyika, na mmoja wao, mwenye panga la kukatia nyasi, akasema polepole, "Huyu ametumwa. Mswahili wa mjini, hapa anafanya nini? Ametumwa kutuharibia chakula."

Mwaka ule wa vita kutumwa ni kutumwa na adui, na neno hilo halikuwa la mchezo. Watu walikuwa wanafungwa kwa neno hilo, na wengine walifanyiwa zaidi ya kufungwa. Nikamtazama kapita. Kapita akatazama nyundo yake. Nikawatazama wenzangu wa kwenye lori, wale niliowachekesha miezi miwili. Kila mmoja akawa na kazi kwenye kiatu chake.

Ni yule mama aliyesema. Alisema kwa Kinyarwanda, haraka, na safari hii nilielewa kila neno.

"Ametumwa na nani? Nani mwenye akili zake angemtuma huyu? Ukimtuma chumvi atakuletea sabuni! Tazameni huo mdomo, bado unacheka. Huyu ni mjinga tu, na shamba alilolila ni langu, si lako. Weka panga chini."

Nikasimama pale nikiomba Mungu waamini kwamba mimi ni mjinga. Sijawahi kuomba kitu kwa moyo kama hicho.

Wakaamini. Kapita akanifukuza kazi palepale, akaniambia rori nisipande tena. Nikarudi Nyamirambo kwa miguu, na mama yangu aliposikia alinipa jembe la jirani bila kunipa chakula.

Kesho yake nikarudi Gahanga kwa miguu vilevile. Siku tisa nilitoa tope, nikainua matuta mapya, nikapanda mashina ya viazi vitamu, kwa sababu maharage muda wake ulikuwa umepita. Mabinti walinirushia mabonge ya udongo. Mchana walikula wamenipa migongo, na hakuna aliyeniita. Ile mistari mitatu mama aliivuna ikiwa bado mibichi, ikajaza kikapu kimoja. Viazi vingekuwa tayari baada ya miezi mitano, na nyumbani kwake walikuwa wanne. Nilijua hivyo kila nilipoinua jembe, na hakuna mzaha ulionijia.

Siku ya tisa jioni nikaegemeza jembe. Nikadhani nimemaliza. Yule mama akashuka, akatembea katikati ya matuta yangu yote, mwisho mpaka mwisho, mikono mgongoni. Halafu akasimama mbele yangu, na kwa mara ya kwanza tangu siku ile akanisemesha, kwa Kiswahili chake, polepole, ili nisije nikasikia kitu kingine.

"Usifikiri nimekusamehe. Hii matuta nne ya mwisho iko imepinda. Kesho unabomoa, unaanza tena."