Muhogo wa Mifuko ya Mama

Harufu ya siki ikichemka pamoja na wanga wa muhogo haifanani na ya chakula chochote; inakwaruza koo. Msimu ule, baada ya mifuko ya plastiki, ile ya rambo, kupigwa marufuku, harufu hiyo ilitanda uani kwetu Maisaka, Babati, kila nilipotoka shule, nami niliipenda, maana Mama alikuwa na furaha. Semina ya kina mama ilikuwa imemfundisha kutengeneza mifuko inayooza: unakwangua muhogo, unaukamua kwa kitambaa, unaacha wanga utuame kwenye beseni, unamwaga maji ya juu. Wanga unaupika kwa siki na glisirini mpaka uvutike, kisha unautandaza juu ya bati ukauke. Baba Halima, mwenye duka la jirani, aliahidi kuinunua yote.

Sisi wa Babati ni watu wa mahindi na mbaazi. Muhogo tunaujua ule mtamu, wa kutafuna mbichi. Mama alipopata sokoni magunia ya bei rahisi, mchuuzi alimwambia, "Huu si wa kula hivihivi, mama." Mama akacheka: "Wala siuli, natengenezea mifuko." Hakuuliza zaidi, na mchuuzi hakueleza.

Haukupita muda kuku wakaanza kufa. Walikunywa maji yaliyomwagwa kutoka kwenye beseni, wakayumba, wakalala ubavu. Dalili ya mvua ni mawingu, lakini kwetu kuku akifa jibu huwa moja.

"Mama Neema, hawa kuku wana nini?" Baba Halima aliuliza.

"Ni ugonjwa wa mdondo tu, Baba Halima. Si ndio msimu wake?"

Naye akakubali. Mbuzi wetu naye alipokufa, Mama alisema amekula rambo la zamani, na kwamba ndiyo maana mifuko yake inahitajika. Alifanya kazi kwa bidii zaidi.

Neema, mdogo wangu wa miaka minne, ambaye majirani walimwita Mama kwa jina lake, alizoea kufukia viazi vitamu kwenye majivu ya jikoni. Mchana mmoja, Mama akianika nyuma ya nyumba, Neema alifukia muhogo wa magunia yale, akaula. Nilimkuta mlangoni anatapika, macho yamelegea. "Dada, kichwa," alisema. Tulipanda bodaboda, Mama amempakata. Hospitalini daktari aliuliza amekula nini, kisha akauliza, muhogo wa aina gani, mtamu au ule mchungu wenye sumu? Nilijua Mama anawaona kuku, mbuzi, na mchuuzi wake. Neema hakuiona jioni.

Siku hizi mifuko ya namna ile inasifiwa kwamba ikizikwa haiachi alama. Ni kweli. Yote tuliifukia uani, na nilipolima matuta ya mchicha mwaka jana sikukuta hata kipande. Bado nina hasira na yule mchuuzi, kwa sababu alijua. Mama simkasirikii, namwonea huruma mpaka nashindwa kumtazama. Majirani nao walimhurumia, wakaacha kumwita Mama Neema. Sasa wanamwita Mama Paulina, kwa jina langu. Yeye huitika vizuri tu. Mimi ndiye nisiyezoea.