Faili la Mfano

Masjala ya mahakama ilikuwa chumba kimoja chenye dirisha lililozibwa na makabati, na karani wake aliitwa na wenzake Bibi Muhuri. Miaka kumi na tisa aligonga mihuri humo, mpaka mkono wake ukawa unajua kazi hata akili ikiwa kwingine.

Kisha zikamiminika kesi za kiwanda cha saruji. Watu elfu moja na mia nne, wote vumbi limewala mapafu, wote wakidai jambo lile lile. Jaji akaona akizisikiliza moja moja atastaafu hajafika nusu. Akaamua isikilizwe moja iwe mfano, na itakavyoamuliwa hiyo ndivyo zitakavyofuata nyingine. Zilizobaki zigongwe muhuri: INASUBIRI.

"Niletee faili moja lililokamilika," akamwambia Bibi Muhuri.

Lililokamilika kuliko yote lilikuwa la dada yake mkubwa. Alilipanga mwenyewe, karatasi kwa karatasi. Lakini aliogopa midomo ya watu, wasije wakasema kapendelea damu yake. Akaligonga muhuri, akalisukuma chini kabisa, akapeleka la msimamizi mmoja wa zamu kiwandani. Alijiona mwadilifu. Uadilifu gani, ulikuwa woga mtupu.

Miaka miwili ikakatika. Leo shahidi hajaja, kesho wakili anaumwa. Kila akirudi nyumbani dada yake humuuliza, "Imefika wapi?" Naye hujibu, "Inasubiri."

Siku moja yule msimamizi akaja na viatu vipya, akaifuta kesi yake. Kiwanda kilikuwa kimemalizana naye pembeni. Wenzake wote wakarudi mwanzo.

"Lete lingine," jaji akasema. "Ila mdai awe anaweza kusimama kizimbani akahojiwa."

Safari hii hakusita. Akalichomoa la dada yake, akaliweka juu ya meza, na saa ya chakula akakimbia nyumbani.

"Dada, zamu yako imefika. Sasa ni wewe."

Dada yake alikuwa ameegemea mito mitatu kitandani. Akavuta pumzi, akapumzika, akavuta tena.

"Mdogo wangu, mwaka juzi ningewaeleza mpaka wakome." Akahema. "Sasa hata kukuita ukiwa jikoni siwezi. Peleka la mwenye pumzi."

Alirudi masjala, na jaji alikuwa anangoja. Akapeleka faili la mtu mwingine. Kisha akalifungua la dada yake, akatafuta nafasi chini ya muhuri wa kwanza, akagonga tena: INASUBIRI.