Chupa ya Wino Mwekundu

Sisi tuliosoma shule za Eastlands miaka ile ya sabini tulijua cheo cha kwanza duniani ni kuacha penseli. Kuanzia darasa la kwanza hadi la nne uliandika kwa penseli, tena nusu penseli, maana nusu ya pili ilikuwa ya ndugu yako. Ukikosea ulifuta kwa mate na kidole mpaka karatasi ikatoboka, halafu ukachapwa kwa sababu ya tundu. Lakini ukiingia la tano uliambiwa sasa wewe ni mtu mzima, lete kalamu ya wino. Si bairo. Bairo zilikuwa zimeshajaa madukani, ila Mwalimu Njeri alizichukia kama mkulima anavyochukia ng'ombe wa jirani. "Bairo inateleza," alikuwa akituambia, "na mwandiko ukizoea kuteleza, mwenyewe naye atateleza."

Baba yangu alikuwa karani wa reli. Jioni moja alirudi nyumbani Jericho na kikasha chembamba, ndani yake mna kalamu ya rangi ya damu ya mzee yenye kibanio cha manjano kama dhahabu. Majirani waliitwa waione. Mama Kevina wa nyumba ya pili aliifungua, akaifunga, akainusa, akasema huyu mtoto sasa atakuwa waziri. Sikuiachilia. Nilikwenda nayo hadi chooni, na mama akanionya kwamba ikidondokea huko nisimwite.

Vita vilianza kwenye wino.

"Nekesa," baba alisema, "utanunua bluu-nyeusi, usiofutika. Huo ndio wino wa ofisi. Niliyoandika mwaka wangu wa kwanza kazini yanasomeka mpaka leo."

Mama alikuwa anakunja nguo alizotoka kuzifua mferejini. Hakuinua macho. "Na kola ya shati lake itasomeka mpaka lini? Mtoto anunue wino wa bluu, ule unaotoka na sabuni."

"Usiofutika," baba akarudia.

"Sawa, Baba Nekesa," mama akajibu, kwa ile sauti ambayo kila mtoto aliijua, kwamba si sawa hata kidogo.

Nikapewa pesa za chupa moja, nikatoka nikiwa na amri mbili.

Wino tulinunua kwa Mzee Shee, pale soko la Jericho. Mzee Shee alikuwa mtu wa Lamu, mwenye kofia iliyoshonwa kwa mkono na Kiswahili ambacho sisi watoto wa Nairobi tulikuwa tukikivunja mbele yake bila haya. Mjukuu wake Zuhura alikuwa rafiki yangu na mwenzangu wa dawati. Chupa za wino zilipangwa juu ya rafu, kati ya mafuta ya nazi na sabuni ya mche, na mzee hakuziuza kama alivyouza sukari. Alikutandazia kipande cha karatasi ya kaki, akachovya kijiti cha ufagio katika kila chupa na kukuchorea mstari. "Usiuchague wino chupani," alisema. "Chupani wote ni mweusi."

Basi akanichorea. Bluu wa mama ulitokea mwepesi kama anga la Januari. Bluu-nyeusi wa baba ulikuwa kama wingu la Aprili kabla halijatumwagia maji. Kijani ulinivutia, lakini Zuhura akanikumbusha kwamba huo ni wa mwalimu mkuu, na mwalimu mkuu wetu hakuwa mtu wa kushirikiana naye chochote. Mwisho mzee akachovya chupa ya pembeni, na ule mstari ukang'aa juu ya kaki hata nikameza mate.

"Huo wa walimu," akasema Mzee Shee. "Si wa watoto."

Angenyamaza ningenunua bluu, nikaenda zangu.

Zuhura akaninong'oneza, "Mimi nina bluu chupa nzima, tutatumia wote wawili. Chukua huo."

Nikaunyoshea kidole. Mzee akanitazama juu ya miwani. "Nani amekutuma nyekundu?"

"Mwalimu," Zuhura akadakia kabla sijafungua mdomo.

Mzee akamtazama mjukuu wake kwa muda, akafunga chupa kwa gazeti. "Mwambieni mwalimu wenu asiumwage. Hautoki."

Nyumbani niliwaonyesha wazazi ukurasa niliouandika kwa bluu ya Zuhura. Baba akalowesha kidole ulimini, akasugua jina langu, likayeyuka likawa doa. "Nilijua!" akamwambia mama. "Umemhonga mtoto." Mama, ambaye hakuwa amemhonga mtu, alicheka sana, na siku hiyo nilipewa kipande cha nyama ambacho kwa kawaida kilikuwa cha baba. Nikakila. Dhamiri yangu ilikuwa bado haijaota meno.

Ule mwekundu tuliutia kwenye kalamu kuukuu ya mjomba wake Zuhura, iliyokuwa ikivuja kama pua ya mtoto. Kwanza tulipaka kucha. Halafu tulipokuwa tukicheza kalongolongo, mchezo wetu wa baba na mama, mimi nikiwa bibi harusi, tukapaka midomo. Midomo ilibaki myekundu siku mbili. Mama aliponiuliza nikamwambia nimekula mabuyu, na kwa kuwa mabuyu ya sokoni yalimfanya kila mtoto wa Jericho aonekane kama amekunywa damu, akaniamini. Mabuyu yametufichia mengi.

Baada ya hapo tukaanza kusahihisha. Nilijiwekea tiki, nikaona raha. Nikamwekea Zuhura. Niliiga tiki ya Mwalimu Njeri, yenye mkia mrefu uliopanda kama moshi, mpaka mimi mwenyewe nikashindwa kuitofautisha na yake. Tungeishia hapo, kama si Akinyi.

Akinyi alikaa dawati la mbele yetu. Baba yake, Mzee Ochieng', alifagia barabara za baraza la jiji, na hakuwahi kuingia darasani hata siku moja. Hakujua kusoma, lakini alijua kwamba tiki ni heri na eksi ni shari, na kila Ijumaa jioni alifungua daftari la hesabu la binti yake akazihesabu kwa kidole kigumu. Daftari la Akinyi lilikuwa na eksi nyingi. Alhamisi moja tulimkuta nyuma ya darasa wakati wa mapumziko, analia bila sauti.

"Baba amesema kesho akiona eksi tena, ananipeleka nyumbani kwa shangazi," akasema. "Amezaa mapacha. Baba anasema hesabu si za kila mtu, afadhali nikalee watoto."

"Na shule?" nikamuuliza.

"Shule basi."

Ningesema tulifikiria elimu ya mtoto wa kike, ningekuwa mwongo. Tulifikiria kwamba katika kati, mchezo wetu wa kumlenga kwa mpira aliye katikati, hakuna msichana mwingine aliyejua kurusha kama Akinyi, na wasichana wa darasa la sita walikuwa wanatusubiri Jumamosi. Zuhura akanitazama. Mimi nikautazama mfuko wangu, uliokuwa na doa jekundu.

Saa ya chakula cha mchana tulijifungia darasani. Akinyi alinakili hesabu za Zuhura kwenye ukurasa mpya, ulimi nje. Mimi nikasahihisha. Nilitaka kumpa ishirini kwa ishirini, lakini Zuhura akanizuia. "Ishirini ni uchoyo," alisema. "Mpe kumi na nane." Nikampa kumi na nane, na chini yake, kwa mkia ule ule wa moshi, nikaandika: Umejitaidi sana.

Jumamosi tuliwashinda darasa la sita. Jumatatu asubuhi, katikati ya kipindi cha Kiswahili, mlango ukabishwa.

Alikuwa Mzee Ochieng', amevaa koti zito licha ya jua, daftari mkononi, na kwapani amebana kuku mweupe aliyefungwa miguu. Darasa zima likasimama. Mimi nilisimama kwa sababu wengine walisimama.

"Mwalimu," akasema, "mimi si mtu wa maneno mingi. Huyu mtoto nilitaka kumrudisha nyumbani. Nimeona kazi umemfanyia. Nikasema, kama mwalimu anaweza toa kitu kwa hiki kichwa, wacha mtoto akae. Nimekuletea huyu kuku."

Akafungua daftari, akaweka kidole juu ya ile kumi na nane. Mwalimu Njeri akainama, akasoma. Akafungua ukurasa wa nyuma, akarudi tena. Kuku peke yake ndiye aliyekuwa na la kusema, na alilisema. Niliona macho ya mwalimu yakipanda polepole kutoka kwenye karatasi, yakapita madawati moja baada ya jingine, yakanikuta. Nikaficha kidole changu cha kati, chenye doa jekundu, lakini nilikuwa nimechelewa.

"Mzee," akasema hatimaye, "kwa hiyo Akinyi atabaki shuleni?"

"Atabaki, kabisa."

"Basi umefanya vizuri kuja. Kuku mrudishe, umfuge. Mwisho wa muhula njoo uone daftari mbele yangu. Tukifurahi siku hiyo, tutazungumza habari za kuku."

Mzee Ochieng' akashukuru mara tatu, akaondoka na kuku wake. Mlango ulipofungwa mwalimu hakupaza sauti, na hilo lilitutisha zaidi ya kelele.

"Akinyi, Zuhura, Nekesa, mbele."

Tukaenda. Akalinyanyua daftari. "Mimi ni mwalimu wa Kiswahili miaka mingapi? Lini mimi nimeandika 'umejitaidi'? H iko wapi?"

Nikamwambia samahani, mwalimu. Hata leo siandiki neno hilo bila kusimama kidogo kwenye h.

"Chupa iko wapi?"

Nikaitoa mfukoni. Tulipata fimbo mbili mbili, za mkono wa kushoto, kwa sababu, alisema, wa kulia una kazi. Na kazi ilikuwa hii: kila siku kengele ya jioni ikilia, mimi na Zuhura tubaki na Akinyi, tumfundishe hesabu, tuzisahihishe kwa wino wetu wenyewe, yeye akiwa mezani pake anatuangalia. Mpaka chupa iishe.

Hujui chupa ya wino ilivyo kubwa mpaka uambiwe uimalize kwa hesabu za mgawanyo. Wenzetu walikuwa nje wanaruka kamba, sisi tuko ndani na Akinyi, ambaye kila alipofika kwenye desimali alisema anaumwa na tumbo. Jumatatu ya pili nilimwekea eksi kumi na tatu, akanuna hata hakuniaga. Lakini siku moja Zuhura alichoka na namba, akamwambia, "Basi fanya kama uko kwenye kati, uwanja una watu ishirini na nne, gawa timu tatu." Akinyi akajibu kabla sentensi haijaisha. Mwalimu Njeri akainua kichwa. Tangu hapo kila hesabu tuliigeuza mchezo, na eksi zikaanza kupungua, moja leo, mbili kesho.

Mwisho wa muhula Mzee Ochieng' akaja, amevaa koti lile lile. Akinyi alikuwa amepata kumi na moja kwa ishirini, zake mwenyewe, katika mtihani uliosimamiwa kwa macho makali. Sisi wawili tulikuwa tunataka kupiga vigelegele. Mzee akahesabu tiki kwa kidole, akakunja uso.

"Mwalimu, mbona zimepungua?"

Mwalimu Njeri akafungua ukurasa ule wa kumi na nane. "Mzee," akasema, "zile za kwanza wino ulimwagika kidogo. Hizi ndizo zake."

Mzee Ochieng' akalitazama daftari, akamtazama binti yake, kisha akatutazama sisi wawili tuliokuwa tunachunguza sakafu. Akacheka, kicheko kilichoanzia tumboni mbali sana. "Hata kwetu," akasema, "mtu akikuazima jembe, shamba linabaki lako kulilima." Akamshika Akinyi begani, wakaenda zao. Kuku hatukumwona tena. Akinyi alituambia alianza kutaga, na nyumba nzima ikamwonea huruma.

Akinyi alimaliza la saba pamoja nasi. Baadaye akawa muuguzi, na mapacha wa shangazi yake, walipokua, ndiye aliyewalipia shule. Baba yangu alipoisikia hadithi nzima alikwenda sokoni mwenyewe, akarudi na bluu-nyeusi, usiofutika. Mama akafua kola zile kwa miaka miwili bila kusema neno, na kunyamaza kwake ndiko kulikomlipisha baba.

Siku hizi wajukuu wangu wanaandika kwa kidole gumba. Ukiwapa kalamu wanaishika kama kijiko. Nao watafanya ujanja gani? Mtoto akifanya mtihani asubuhi, alama zinaingia kwenye simu ya mama yake kabla hajafunga kamba za viatu, na akifika nyumbani kesi imeshaamuliwa. Nawahurumia. Sisi kutoka lango la shule hadi mlangoni kwetu tulikuwa na njia nzima ya kutembea na daftari baya chini ya kwapa, polepole, tukipita sokoni, tukipiga mawe makopo. Katika njia ile uliweza kulia kidogo, ukapangusa uso, ukampata rafiki wa kukuuliza, "Sasa tufanye nini?"