Siku Mama Alipomkana Mdogo Wangu

Mtaani kwetu Kamembe, Rwanda, mpakani na Kongo, kulikuwa na jambo ambalo kila mtu alilijua na hakuna aliyelisema: mdogo wangu hakuzaliwa na mama yangu. Mama yake mzazi alikuwa mfanyabiashara wa Bukavu, mwanamke wa kanisa, aliyezoea kuvuka mpaka na marobota ya vitenge na kuyalaza kwetu. Siku moja alikuja na homa, mtoto mgongoni, akajinyoosha kwenye mkeka wetu na hakuamka tena. Hakuna ndugu aliyevuka daraja la mpakani kuja kumdai mtoto. Baba yangu, fundi cherehani, alingoja, akaulizia kwa wasafiri, mwishowe akaenda ofisini na kumwandikisha kama binti yake wa kumzaa.

Shehe alimgombeza. Dini yetu inaruhusu kulea yatima, alisema, ila si kumbandika ukoo usio wake. Baba alimsikiliza hadi mwisho, akamkaribisha chai, na hakubadilisha kitu. Hakutaka mtoto aulizwe maswali shuleni, basi. Majirani nao wakalichukua jambo hilo kama lao. Mtoto wa jirani aliyethubutu kuuliza mbona yule huenda kanisani Jumapili na dada zake huenda madrasa, alifinywa sikio na mama yake papo hapo. Na gauni la kanisani, Mama ndiye aliyelipiga pasi. Alisema mwenzake alimwachia mtoto wa Misa, na yeye hana ruhusa ya kumgeuza.

Mdogo wangu mwenyewe alijua. Aliambiwa mapema, kisha habari ikafungwa, na haikumpunguzia jeuri hata chembe. Alikuwa na makelele kuliko sisi wengine watatu. Alivaa nguo zangu bila kuomba. Aliweza kumnunia Mama kutwa nzima kwa sababu ya kipande cha samaki, eti changu kikubwa. Mimi nilimpiga, naye akanipiga, na jioni tulilala kitanda kimoja.

Alikuwa pia na akili ya kuudhi. Mimi niliacha shule katikati kwa hiari yangu, cherehani ya Baba ilinitosha. Yeye alitaka uuguzi, tena wa chuo kikuu, hakuna kingine. Alipomaliza sekondari na alama nzuri, Baba alikuwa amekwisha kufariki, na sambaza, wale dagaa wa ziwani, ambazo Mama alivusha kwenda kuuza Bukavu zilitosha kutulisha tu.

Mkuu wa shule yake akaja nyumbani. Alikuwa mwanamke asiyependa kuzunguka. Alitueleza kwamba shule imeshikana na parokia, msikiti na akina mama wafanyabiashara wa soko, ili kuwasomesha chuoni vijana waliolelewa na watu wasio wazazi wao. Vijana hao wanafaulu, alisema, kisha wanaishia kufua nguo za watu. Sharti lilikuwa moja. Kwa kuwa wenye nazo walishajaribu kupenyeza watoto wao wenyewe, kila kijana lazima athibitishwe na majirani zake, kwenye mkutano wa baada ya umuganda, ile kazi ya pamoja ya Jumamosi ya mwisho wa mwezi.

"Mu vitabu ya ofisi, huyu ni mutoto yenu," alimwambia Mama. "Kwa hiyo ni maneno ya batu ya mutaa tu ndiyo itamusaidia."

Mama akasema sawa. Angeweza kupita nyumba kwa nyumba kuwaarifu majirani, lakini hakupita. Kupita kungekuwa kulisema jambo lile kwenye kila mlango. Alijipa moyo kwamba siku ikifika watajua wenyewe la kusema, na yeye atakaa kimya.

Jumamosi hiyo tulizibua mitaro ya barabara, kisha tukaketi majanini na majembe yetu. Mkuu wa shule alikuwa kwenye benchi la mbele pamoja na shehe na mzee mmoja wa parokia, kamati ya kuandika majina tu, isiyoruhusiwa kutoa ushahidi. Kiongozi wa mtaa akamsimamisha mdogo wangu.

"Nani anajua kama huyu mutoto haiko wa kuzaliwa mu ile nyumba?"

Niliwatazama, watu waliokula pilau yetu kila Idi, nao wakatazama majembe yao. Kisha jirani yetu muuza mkaa, mama mtu mzima aliyetupenda mno, akainuka kwa hasira.

"Ile maulizo ni ya nini? Mutoto ni wao! Miye mwenyewe nilionaka mama yake na mimba yake!"

Watu wakaitikia. Mwingine akasema mtoto kafanana na marehemu Baba, pua ile ile. Walikuwa wanatulinda. Waliona mtu anataka kumwaibisha mtoto hadharani, wakafanya walichofanya miaka yote, na safari hii wakakitia chumvi. Sijawahi kuwapenda watu na kuwachukia kwa pamoja kama siku ile.

Kiongozi akageukia benchi. "Basi, iko na mama. Hii musaada ni ya bale hawana. Tuite mwingine."

Mdogo wangu alisimama pale na tope miguuni, macho kwa Mama. Alikuwa anaomba, na sote tulijua anaomba nini. Mama akasimama, akakaza kitenge chake kiunoni.

"Si wangu," alisema.

Mtu mmoja akacheka, akidhani ni utani.

"Sikumuzaa. Mama yake alikufiaka kwangu, ku mukeka yangu. Miye nilimulisha tu. Hana mama, hana baba. Mumuandike."

Alisema kwa sauti kubwa, hata walioketi nyuma kabisa wakasikia, maana hakutaka kuulizwa mara ya pili. Muuza mkaa akajifunika uso kwa kanga. Mdogo wangu akainamisha kichwa, na jina lake likaandikwa. Mama alirudi nyumbani peke yake, hakutungoja.

Siwalaumu watu wa kamati. Walifanya kazi njema, na vijana wengi wa Giheke na Nkungu, jirani zetu, leo wana mishahara kwa sababu yao. Lakini hawakuishi nyumbani kwetu baada ya siku ile. Mdogo wangu alianza kuosha vyombo kabla hajatumwa. Aliomba ruhusa ya kutumia sabuni. Kipande chochote cha samaki kilimfaa, na alipomaliza kula alisema aksanti. Nyumbani kwetu hakuna aliyewahi kusema aksanti kwa chakula, tulilalamika tu kwamba chumvi haikukolea. Mara ya kwanza Mama alicheka. Baadaye alikuwa akiondoka mezani kabla yake, ili asilisikie neno hilo.

Akaenda chuo. Likizo alikuja na sukari na sabuni, akabisha hodi, ndiyo, akabisha hodi kwenye mlango alioupiga mateke tangu anatambaa. Nilimwambia aache ujinga. Akatabasamu kwa upole, na upole huo ulinikera kuliko matusi yake yote ya zamani.

Alihitimu, akapata kazi ya uuguzi. Mama alipougua, yeye ndiye aliyeomba likizo, akamwogesha, akamgeuza, akampa dawa kwa saa zake. Alimuuguza vizuri kuliko sisi tuliotoka tumboni mwake. Mchana mmoja nilikuwa hapo, nashona pindo la shuka, Mama akamshika mkono.

"Unigombeze kidogo," alimwambia. "Kama zamani. Useme nilikukosea."

"Hapana, Maman. Mulinisaidia sana."

Mama akageuza uso ukutani. Alikaa hivyo mpaka jioni, na uji nilioupika ukapoa.

Alifariki wiki hiyo hiyo. Baada ya maziko shehe aliketi sebuleni na watu wote, akauliza marehemu ameacha watoto wangapi. Mimi ndiye mkubwa, nikajibu.

"Wanne."

Mdogo wangu hakuwa amekaa nasi. Alikuwa karibu na mlango, katikati ya majirani, miguu ameikunja kama mgeni. Akainua mkono, kwa adabu.

"Batatu, Shehe," alisema. "Maman alisemaka mwenyewe."

Nilitaka kumzaba kofi. Nilitaka pia kumkumbatia, na sikufanya hata moja. Niliwageukia majirani, nikangoja mtu ainuke na kusema uongo. Walikuwepo wote, na safari hii hakuna aliyebisha.